Weupe Ulio Kooni

Mama mdogo wangu alifundisha darasa la kwanza kwa miaka 29. Anayelijua darasa la kwanza la shule zetu anaelewa maana yake: watoto 80, chumba kimoja, na sauti ya mwalimu ndiyo kengele, ndiyo ubao, ndiyo fimbo. Sauti hiyo ikaanza kupwelea. Kwanza ilikuwa jioni tu, akitoka kazini. Baadaye hata asubuhi ikawa haitoki. Akanywa tangawizi na asali, akatafuna karafuu, akasukutua maji ya chumvi. Jirani yake akamsimamisha dirishani, akamwambia afungue mdomo, kisha akatoa jibu lake: "Dada, kimeo hicho kimeshuka. Kakikate upone." Miezi mitatu ikapita hivyo.

Tulipompeleka hospitali, daktari alimpitishia puani mpira mwembamba wenye kamera. Mimi nilisimama nyuma ya kiti, na katika skrini nikaona ndani ya koo la mtu aliyenilea. Nyuzi mbili za sauti zilikuwa zimekaa kama mkasi uliofunguliwa kidogo. "Mwalimu, sema iii," daktari akasema, na mkasi ukajifunga. Juu ya uzi wa kulia, na pembeni mwa ule wa kushoto, palikuwa na mabaka meupe mazito, kama tui lililoganda ukingoni mwa sufuria. Daktari akayatazama kitambo, akazima mashine, akaniita pembeni akaniambia familia ijiandae. Hakuwa amekata hata chembe ya nyama. Hakuwa amemuuliza mgonjwa anatumia dawa gani. Aliona weupe, akasoma saratani.

Sitaji hospitali wala daktari, kwa sababu kosa lile halikuwa lake peke yake. Ni kosa lenye ukoo mrefu. Tangu siku ile nimekuwa nikisoma jinsi watu wa nchi mbalimbali walivyousoma weupe wa koo, na kila nilipofika nilikuta jambo lilelile: rangi imepewa mamlaka ya hakimu.

Kwa karne nyingi weupe kooni ulikuwa na maana moja kubwa, nayo ni dondakoo. Bakteria wa ugonjwa huo hutoa sumu inayoua tabaka la juu la koo. Mabaki yake yakichanganyika na majimaji ya damu na usaha, huganda yakawa utando mweupe au wa kijivu. Utando ukishuka hadi kwenye zoloto, pale penye nyuzi za sauti, mtoto hukosa pumzi. Ugonjwa ni mmoja, lakini tazama walivyouita. Wahispania waliuita garrotillo, kutokana na garrote, kile chombo cha kuwanyongea wahalifu, na mwaka 1613 uliwaua watu wengi kiasi kwamba mwaka wenyewe ulipewa jina hilo. Wachina waliuita baihou, yaani koo jeupe. Pierre Bretonneau, daktari wa mji wa Tours nchini Ufaransa, mwaka 1826 aliupa jina lililotokana na neno la Kigiriki la ngozi ya mnyama iliyotengenezwa, kwa kuwa ule utando ni mgumu na umeshikana kama kipande cha ngozi. Zamani zaidi, Aretaeus wa Kapadokia aliandika juu ya vidonda vya koo akavihesabu kuwa vya Misri na Shamu, kama watu wanavyopenda kuusukumia ugonjwa mlangoni kwa jirani.

Sisi tukasema dondakoo. Mhispania aliona namna mtoto anavyokufa, Mfaransa aliona kitu alichokishika mkononi, Mchina aliona rangi. Mswahili aliona kidonda, na kidonda lazima kiwe na mwenyewe anayeumia. Kwangu mimi jina letu ndilo lenye huruma kuliko yote. Lakini jina la Kichina ndilo lililonishughulisha zaidi, kwa sababu lina hatari ndani yake: jina lililojengwa juu ya rangi litanasa kila kitu chenye rangi hiyo.

Hata hivyo, Wachina wenyewe hawakuishia kwenye rangi. Zheng Meijian, tabibu wa ukoo wa mabingwa wa koo katika jimbo la Anhui, ana kitabu kiitwacho Chonglou Yuyao kilichochapishwa mwaka 1838. Humo imeelezwa kwamba weupe unaofanana na kitu kilichooza kooni ulikuwa adimu kabla ya mwaka 1775, kwamba unawashika watoto kuliko watu wazima, na kwamba unaambukiza. Katika elimu ya Kichina nyeupe ni rangi ya mapafu, kwa hiyo dawa yake ilikuwa mchanganyiko wa mizizi na majani wa kuyapoza mapafu na kuyarudishia unyevu. Siamini kwamba mchanganyiko huo ungeishinda sumu ya dondakoo. Kilichoishinda ni seramu iliyotokana na kazi ya Emil von Behring na Kitasato Shibasaburo mwaka 1890, na baadaye chanjo. Lakini mtu aliyeandika ugonjwa ulianza lini, unampata nani na unapitaje kutoka mtoto hadi mtoto, huyo alikuwa ameshaanza kuuliza maswali ambayo rangi haiwezi kuyajibu. Daktari wetu, mwenye kamera puani mwa mwalimu, hakufika hata hapo.

Chanjo ikafanya kazi yake. Dondakoo, kifaduro na pepopunda ni maneno ambayo mama yeyote aliyepeleka mtoto kliniki anayajua, ingawa wengi wao hawajawahi kuyaona magonjwa yenyewe. Kiti cha hofu kikabaki wazi, saratani ikaja kukikalia.

Kabla sijafika huko, lazima niseme juu ya kimeo, kwa sababu kwetu koo lina mshtakiwa wake wa kudumu. Mtoto akikohoa wiki mbili, ni kimeo. Akitapika maziwa, ni kimeo. Mtu mzima akipwelewa sauti, ni kimeo. Niliona kikikatwa nilipokuwa mdogo, kwa mtoto wa nyumba ya pili. Mama yake alimpakata na kumfunga mikono kwa khanga, mzee akamkandamiza ulimi kwa mpini wa kijiko, na kufumba na kufumbua kinyama kilikuwa juu ya jani la mgomba. Siku mbili baadaye pale palipokatwa palivaa utando mweupe. Bibi mmoja akatangaza kwamba uchafu ndio huo unatoka, na mama akafurahi. Leo najua ule ulikuwa nini. Kidonda cha mkononi hukauka na kuvaa gamba jeusi. Kidonda cha koo hakipati nafasi ya kukauka, kwa hiyo gamba lake ni jeupe. Weupe ule haukuwa uchafu wala ugonjwa. Ulikuwa mwili unajishona.

Wapo wanaowacheka wakataji wetu wa vimeo kama watu wa gizani. Wanaocheka hivyo hawajui wanawacheka na akina nani. Maandishi ya Sushruta ya Wahindi yanaeleza ukataji wa kimeo. Celsus, Mrumi wa karne ya 1, anaueleza. Al-Zahrawi wa Córdoba, ambaye kitabu chake cha upasuaji kilisomwa Ulaya kwa mamia ya miaka, anaueleza pamoja na vyombo vyake. Tofauti ni kwamba vitabu vile vilikuja na onyo. Celsus anakataza kukata kimeo chekundu kilichovimba kwa maumivu. Maandishi ya Sushruta yanahofia damu itakayotoka kwa wingi. Mkono niliouona mimi ulikuwa na wepesi wote wa mabingwa hao, lakini haukuwa na onyo lao hata moja, na kisu kilitoka mfukoni kikarudi mfukoni. Watoto wamekufa kwa kuvuja damu na kwa pepopunda kutokana na kazi hiyo.

Na kosa kubwa zaidi ni la mahali. Kimeo kinaning'inia nyuma ya mdomo, mtu yeyote anakiona. Nyuzi za sauti ziko chini, nyuma ya shina la ulimi, ambako hata ukimulika tochi huoni kitu. Jirani yake mama mdogo alihukumu alichokiona kwa sababu kile kilichokuwa na kosa hakikuonekana. Sidhani kama kuna ujinga wa kipekee hapo. Dunia nzima ilifanya hivyo hadi mwaka 1854.

Mwaka huo mwalimu wa uimbaji, Mhispania aitwaye Manuel García, alikuwa Paris. Alitaka kujua sauti inazaliwaje. Ugonjwa haukuwamo akilini mwake. Akachukua kioo kidogo cha daktari wa meno chenye mpini mrefu, akakipasha moto kwenye maji ili kisiingie ukungu wa pumzi, akakiweka nyuma ya kinywa chake, na kwa kioo kingine mkononi akaelekeza mwanga wa jua ndani. Akaziona nyuzi zake mwenyewe zikifunguka na kufunga. Wengine walikuwa wamejaribu kabla yake, lakini ni taarifa yake kwa Royal Society ya London mwaka 1855 iliyofungua njia. Aliishi miaka 101. Nafurahi kila nikikumbuka kwamba aliyetuonyesha zoloto la mtu aliye hai hakuwa daktari. Alikuwa mtu wa kazi ileile ya mama mdogo, mwalimu anayekula kwa sauti yake.

Madaktari wakakichukua kile kioo, na kwa mara ya kwanza wakaanza kuona mabaka meupe juu ya nyuzi za watu wanaopumua. Na wakayaitaje? Ernst Schwimmer wa Budapest alikuwa ametunga jina mwaka 1877 kwa mabaka ya mdomoni: lukoplakia, maana yake kwa Kigiriki ni bamba jeupe. Jina likateremka kutoka mdomoni hadi kwenye zoloto na liko huko mpaka leo. Ulaya ya maabara na hadubini ikafanya kilekile alichofanya Mchina wa baihou, ikaita kwa rangi. Lukoplakia si ugonjwa. Ni sawa na kusema "mlango mwekundu". Hujaniambia nani anaishi ndani. Isitoshe, nyuzi za sauti zenye afya zenyewe ni nyeupe, zinang'aa kama lulu, kwa hiyo macho yanatakiwa kutenganisha weupe na weupe. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2008, yakihusu vipande zaidi ya 2,000 vilivyokatwa kwenye mabaka ya aina hiyo, yalionyesha kuwa zaidi ya nusu havikuwa na dalili yoyote ya seli kuelekea kwenye saratani. Vilivyobaki vilikuwa nazo, vingine kidogo, vingine nyingi. Kwa macho havitofautiani.

Makoo mawili maarufu yanaeleza jambo hili kuliko takwimu.

La kwanza ni la mrithi wa ufalme wa Ujerumani, Friedrich. Mapema mwaka 1887 sauti yake ilikauka, na kinundu kikaonekana kwenye uzi wake wa kushoto. Madaktari wa Berlin walikichoma kwa waya wa moto, kikarudi. Wakataka kumpasua zoloto mwezi Mei. Akaitwa kutoka London bingwa wa koo, Morell Mackenzie, naye akasema hapasuliwi mtu kabla kipande hakijasomwa. Alisema kweli. Kipande kikakatwa kikapelekwa kwa Rudolf Virchow, baba wa elimu ya seli za ugonjwa, mtu ambaye hakuna aliyethubutu kumbishia. Virchow hakuona saratani. Aliona ngozi iliyoota unene, hali ambayo mwaka huohuo aliiandikia makala na kuiita pakidemia ya zoloto, yaani ngozi nene. Upasuaji ukaahirishwa. Kufikia Novemba saratani ilikuwa dhahiri. Februari 1888 Friedrich alitobolewa shingo ili apumue, na akawa anasema kwa kuandika kwenye karatasi. Machi 9 akawa Kaisari, Juni 15 akafariki. Alitawala siku 99 bila sauti. Mwanawe Wilhelm II ndiye aliyekuwa Kaisari wakati wote ambao serikali ya Ujerumani iliitawala pwani yetu.

Watu wamemlaumu Virchow tangu wakati huo. Mimi namtetea. Alisoma alichopewa, na alisema wazi kwamba maneno yake yanahusu kile kipande. Waliokosea ni wale waliogeuza kipande kuwa koo zima. Samaki wa kwanza wa ndoana hakwambii bahari ina nini.

Koo la pili ni la Franz Kafka. Aligundulika kuwa na kifua kikuu mwaka 1917, na mwaka 1924 mjini Vienna ikathibitika kwamba ugonjwa umepanda hadi kwenye zoloto. Katika nyumba ya wagonjwa huko Kierling alizuiwa kusema ili koo lipumzike, naye pia akaandika vikaratasi. Kumeza maji kulikuwa mateso. Katika hali hiyo alikuwa akisahihisha kurasa za kitabu chake juu ya msanii anayefanya sanaa ya kufunga kula. Alifariki Juni 3, 1924, umebaki mwezi mmoja atimize miaka 41. Hakuwa na saratani. Kwa lugha ya wasomaji wa vipande, ugonjwa wake haukuwa "mbaya". Miaka 19 baadaye ikapatikana streptomaisini, dawa ya kwanza ya kuwaua vimelea waliomuua.

Weka makoo hayo mawili mezani. Friedrich aliambiwa si saratani, ikawa saratani. Kafka hakuwa na saratani, akafa kwa kukosa chakula. Hapo ndipo lugha inapoanza kunisumbua.

Waingereza na Wafaransa, kwa kitu kisicho saratani, wana neno lililotoka Kilatini lenye maana ya upole na ukarimu. Wajerumani wanasema gutartig, cha namna njema. Wachina wanasema liangxing, chenye tabia njema. Waarabu ndio waliofika mbali kuliko wote: uvimbe usio saratani wanauita hamid, wa kusifiwa, neno la mzizi mmoja na alhamdulillahi, na ule wa saratani wanauita khabith, ambalo Mswahili analo katika "habithi". Ndugu zetu wa Muscat wakipokea majibu hospitali hupewa maneno hayo: hamid au khabith. Sisi tuna maneno yote mawili nyumbani, na Hamid ni jina la watu wetu, lakini hakuna daktari Dar es Salaam wala Mombasa atakayekuambia uvimbe wako ni hamidi. Atakuambia "si saratani", basi.

Wapo wanaoona hapo Kiswahili kimepungukiwa. Naona kinyume chake. Ugonjwa hauna tabia njema. Fangasi hana ukarimu, kifua kikuu hakistahili sifa. "Si saratani" ni jibu linalokufungia mlango mmoja na kukuacha uulize swali linalofuata: kama si hiyo, ni nini? Neno linalosifu linakutuma nyumbani ukalale. Kafka angelala nalo kaburini.

Swali hilo, kama si hiyo ni nini, lina majibu mengi kuliko nilivyodhani. Jibu la kawaida ni sugu. Mkono wa mchimba kisima huota sugu kwa mpini wa jembe; uzi wa sauti wa mwalimu, wa mnadi mitumba na wa kondakta huota unene mweupe kwa kupiga kelele, kwa moshi, kwa tindikali inayopanda kutoka tumboni. Virchow alitafuta Kigiriki cha kusema hivyo. Sisi tunalo neno, na linaeleza hadi chanzo chake. Ila sugu ya koo haiachwi hivihivi kama ya kiganja, kwa sababu chini yake mara nyingine saratani inaanza, hasa kwa mvuta sigara.

Majibu adimu ndiyo yaliyonifungua macho. Ukanda mkavu wa Namaqualand, kaskazini-magharibi mwa Afrika Kusini, una familia ambazo baadhi ya watoto wake huzaliwa na kilio kikavu. Mtoto analia na sauti haitoki vizuri. Anakua hivyo, anazeeka hivyo. Pembezoni mwa kope zake panaota vipele kama ushanga uliotungwa, ulimi unakuwa mzito, ngozi inabaki na makovu kama ya ndui, na ndani ya zoloto pana mabaka meupe yenye umanjano. Friedrich Siebenmann wa Basel aliueleza ugonjwa huo mwaka 1908, na Erich Urbach na Camillo Wiethe wa Vienna wakaupa hadhi ya ugonjwa kamili mwaka 1929. Mwaka 2002 ikajulikana kuwa ni hitilafu katika jeni iitwayo ECM1, na mtoto lazima airithi kwa baba na kwa mama pia. Duniani kote wameandikwa wagonjwa mia kadhaa tu, lakini Afrika Kusini ina wengi kupita kiasi, na wachunguzi wa nasaba wamewafuatilia hadi kwa Jacob Cloete, mmoja wa walowezi waliofika Rasi ya Tumaini Jema katika miaka ya 1650. Wazao wake wako kati ya watu weupe na kati ya watu wa rangi wa Namaqualand vilevile. Sheria za ubaguzi ziliwatenga kwa rangi ya ngozi huku koo likiwaunganisha kwa baba mmoja. Kwa watu hao weupe wa koo si saratani wala maambukizi. Ni nasaba.

Jongo nalo huweza kufika kooni, ingawa ni nadra sana. Chumvi ileile inayovimbisha kidole gumba cha mguu hujikusanya juu ya uzi wa sauti ikawa doa jeupe kama chokaa. Hapa kuna jambo la kimaabara ambalo kila anayekata vipande anapaswa kulijua: fuwele hizo huyeyuka katika formalini, ile dawa ya kuhifadhia nyama ambayo kila chumba cha upasuaji kinayo. Kipande kikitumbukizwa humo, ushahidi unapotea kabla haujafika mezani. Kinatakiwa kiwekwe kwenye spiriti kali. Lakini nani ataagiza spiriti, kama hakuna aliyemuuliza mgonjwa kuhusu vidole vya miguu yake?

Na fangasi. Huyu ni laghai kuliko wote, kwa sababu hadanganyi macho tu, anadanganya hata hadubini. Akipenya kwenye ngozi laini ya uzi wa sauti, ngozi hiyo hujibu kwa kuota na kushuka chini kwa vidole virefu, umbo ambalo msomaji mwenye haraka ataliita saratani. Kifua kikuu nacho kinaweza kuleta umbo hilohilo. Kinachomwokoa mgonjwa ni msomaji anayeomba kipande kipakwe rangi ya pekee ya fedha, ambayo humgeuza fangasi kuwa nyuzi nyeusi zinazoonekana wazi, na anayeuliza habari za mwenye koo.

Mama mdogo wangu aliokolewa na msomaji wa namna hiyo. Tulimpeleka kwingine, kipande kikakatwa akiwa usingizini, na baada ya siku kumi ikaja karatasi. Kabla ya jibu lilikuja swali kwa simu, kutoka kwa mama mmoja wa maabara mwenye sauti ya taratibu: "Shikamoo mwalimu. Samahani, una pumu?" Anayo, tangu usichana. "Unatumia pampu ya kuvuta?" Anatumia, asubuhi na jioni, ile yenye steroidi. "Ukimaliza kuvuta unasukutua?" Mama mdogo akanyamaza. Hakuna aliyewahi kumwambia. Dawa iliyomfungulia mapafu ilikuwa ikitua kwenye nyuzi zake kila siku na kuzidhoofisha kinga, na fangasi akapata shamba. Rangi ya fedha ikamwonyesha. Akapewa flukonazoli kwa wiki tatu, akafundishwa kusukutua maji na kuyatema kila baada ya pampu. Kamera iliporudi, nyuzi zilikuwa safi.

Katika safari yote niliyosimulia, kutoka Anhui hadi Berlin hadi jani la mgomba la mtaani kwetu, sikuona chombo kilichofanya kazi kuliko lile swali la simu. Kioo cha García kinaonyesha weupe. Kisu kinatoa kipande, hadubini inakisoma. Lakini pampu ya pumu haionekani kwenye kipande, wala kidole cha jongo, wala babu aliyetua Rasi mwaka 1650 na kitu. Hivyo vinapatikana kwa kuulizwa mwenye koo, na mwenye koo ni mtu aliyepwelewa sauti, anayeweza kujibu kwa kalamu kama hawezi kwa mdomo. Friedrich na Kafka waliandika vikaratasi vingi. Mgonjwa wetu mara nyingi hapewi hata karatasi.

Ndugu msomaji, sauti ikikupwelea kupita wiki nne, usikate kimeo wala usiongeze tangawizi. Nenda ukaangaliwe nyuzi za sauti. Kama unavuta sigara, unatema damu, unaona uvimbe shingoni, au kumeza kunauma, usingoje hizo wiki nne. Na pumzi ikianza kukubana, nenda siku hiyohiyo. Ukiambiwa kuna weupe, uliza kama kipande kitakatwa, na umwambie anayekikata habari zako zote: pumu, dawa unazotumia, kikohozi, jasho la usiku, vidole vinavyouma, na kama kwenu wapo wengine waliozaliwa na sauti kavu. Mwambie aziandike kwenye fomu inayofuatana na kile kipande. Nafasi ya kuziandika ipo, na fomu nyingi hufika maabara zikiwa tupu.